Kamanda Abu Dirs wa Karakana ya Meno

Kwa miaka kumi na mmoja nilikaa meza moja na Wijdan binti Shukri katika karakana ya meno ya bandia ya Daktari Nawwaf, ghorofa ya pili, mjini Irbid, na kwa minane kati ya hiyo sikujua kwamba ana jeshi.

Mengine niliyajua. Nilijua kwamba kaskazini yote ya Yordani hapakuwa na mtu wa kuchonga gego kama yeye. Nilijua kwamba hajaolewa, anaishi na mama yake nyuma ya soko la mboga, hatii sukari kwenye chai, na hacheki. Si kwamba alikuwa na huzuni. Alikuwa hacheki tu, kama vile wako watu wasiokula bamia.

Habari ya jeshi niliipata Alhamisi moja, tukiwa na taya nne za kumaliza kabla ya saa kumi.

"Abu Qusai, nishikie tanuri nusu saa," aliniambia. "Ngome yetu inashambuliwa."

"Ngome ipi?"

"Ya kaskazini."

Sisi tuko karibu na mpaka. Mtu akikwambia kaskazini kunashambuliwa, huulizi mara mbili. Nilikwenda dirishani nikachungulia. Mtaani palikuwa na muuza mahindi ya kuchemsha na paka wake.

"Mbona sioni kitu?"

"Huwezi kuiona. Iko kwenye kompyuta."

Ndipo nilipoambiwa. Kulikuwa na gemu la mtandaoni liitwalo Ngome Saba, ambamo watu wa nchi mbalimbali hujiunga vikosi, hujenga kuta, hulinda minara, na hubomoleana. Wijdan alikuwa kamanda wa kikosi cha watu thelathini na wanne, kuanzia Muskat mpaka Tanja. Mle ndani aliitwa Abu Dirs, yaani Baba Gego. Wote walimwona ni mwanamume, tena mwanajeshi mstaafu, kwa sababu hakuwahi kuwasha kipaza sauti na maagizo yake aliyaandika kwa maneno matatumatatu.

"Uliwadanganya?" nilimuuliza.

"Hawakuuliza."

"Lakini wanakuita ami!"

"Wana adabu."

Hakuwa mgeni wa mambo hayo. Mwaka wa elfu moja mia tisa na tisini, akiwa na miaka kumi na mitano, vita vilipozuka, familia yao ilirudi kutoka Kuwait kwa gari moja, watu saba, kupitia Iraq. Waliacha friji, wakaacha makochi, wakaacha cherehani ya mama. Lakini kaka yake, Ziyad, alipakata mashine ya gemu njia nzima kama mtoto mchanga, na walipofika Irbid ikagundulika kwamba kilichookoka vitani ni watu saba, magodoro mawili na gemu la kuruka vichaka. Baba yao alikufa bila kumsamehe Ziyad. Mashine ilikuwa ya Ziyad. Ushindi ulikuwa wa Wijdan. Mwishowe Ziyad akachoka kushindwa na dada yake mbele ya marafiki, akaamua kusoma uhandisi.

Maoni yake Wijdan hakuyauza. Aliyatoa bure, huku akichonga nta, bila kuinua macho. Gemu za siku hizi, alisema, watu wanachora unywele mmoja mmoja wa farasi, halafu ukifika mlangoni mlango haufunguki, maana ni picha tu. Zamani ulinunua gemu mara moja, ukaenda nalo nyumbani, likawa lako hata likikushinda. Sasa unanunua gemu, na ndani yake mna duka, na ndani ya duka mna bahati nasibu. "Hilo si gemu," alisema. "Hilo ni soko lililovaa kofia ya chuma."

Kuhusu simu inayofunguka kwa kutazama uso wa mwenyewe: "Mimi nikilala usingizi, uso ninao vilevile."

Kuhusu vile vimaswali ambavyo kompyuta hukuuliza ili ikutambue, kama shule yako ya kwanza au jina la bibi yako: alivijibu vyote kwa uongo, akayakariri majibu. Kompyuta ya kazini iliamini kwamba amezaliwa Brazili na kwamba bibi yake aliitwa Kabati.

Mimi nilimcheka, na Daktari Nawwaf alimcheka. Tulipoletewa mashine mpya ya kuchonga meno yenyewe, iliyotaka kuunganishwa na intaneti saa ishirini na nne, Wijdan aliichomoa waya kila alipomaliza nayo, kama mtu anayezima jiko la gesi.

"Bi Wijdan," daktari alimwambia, "nani atakuja kutuibia gego?"

"Hatakuja kuiba gego. Atakuja kwa sababu mlango uko wazi."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, neno lako la siri ni jina la mwanao na mwaka aliozaliwa."

Nilishtuka. "Umejuaje?"

"Umelibandika kwenye mashine."

Alicheza kila siku kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja ya jioni, kama mtu aendaye darasani, kisha akampikia mama yake. Hao vijana wa kikosi, kwa kuwa walimwona mzee asiye na maneno, wakaanza kumletea mambo yao. Mmoja alimuuliza kama amwoe binti wa ami yake. Mwingine, aliyejiita Tai wa Zarqa, alimweleza kwa kurasa tatu jinsi mchumba wake alivyobadilika. Abu Dirs alimjibu: "Muulize yeye. Mnara wa kusini hauna mishale." Wakaoana.

Mlinzi wao hodari kuliko wote alijiita Nyuki. Wijdan alijua tu kwamba ni Myordani, kwamba hana nukta wala koma katika maandishi yake, na kwamba huwaita wenzake wote punda. Jumanne moja ya baridi, Nyuki aliandika kwenye ukumbi wa kikosi: "Ndugu zangu wapendwa, pateni almasi elfu mbili bure. Bonyezeni hapa."

Wijdan alimfukuza kikosini kabla chai haijapoa. Tai wa Zarqa akaja juu.

"Ami, umemfukuza mlinzi wetu bora kwa sababu amekuwa na adabu?"

"Ndiyo."

Akawaandikia asibonyeze mtu, na aliyekwisha kubonyeza abadilishe maneno yake ya siri yote siku hiyohiyo. Wawili walikuwa wamebonyeza. Walibadilisha, wakinung'unika.

Siku ya pili yake akapata ujumbe kutoka akaunti asiyoijua. Ulisema: ami abu dirs mimi ndiye nyuki wa kweli nimeibiwa nisaidie.

Wijdan akajibu: "Siku tuliyopoteza mnara wa chumvi, kosa lilikuwa la nani?"

Jibu likaja papo hapo: la kwako ami halafu ukasingizia intaneti

Alinionyesha simu. "Ni yeye," alisema.

Kilichofuata hakikuwa cha mchezo, na nakisimulia kama nilivyokiona kwa sababu wenyewe wamenipa ruhusa. Nyuki alikuwa msichana wa miaka ishirini. Kiungo kile kile cha almasi kilimfikia yeye kwanza, kutoka kwa mtu aliyejifanya mwakilishi wa gemu, naye akaandika neno lake la siri. Neno hilohilo ndilo alilotumia kwenye barua pepe. Kwenye barua pepe ndimo simu yake ilimokuwa ikihifadhi picha, na kati ya picha hizo zilikuwamo za usiku wa hina ya dada yake: wasichana wa ukoo peke yao, hawana ushungi, nywele zimetengenezwa, wanacheza ngoma. Hakuna la aibu humo. Lakini mwizi alimwandikia kwamba atazipeleka kwa baba yake na kwenye kundi zima la chuo, pamoja na hadithi aliyoitunga mwenyewe, isipokuwa Nyuki amtumie picha nyingine, za aina aliyoitaka yeye. Alimpa mpaka Ijumaa.

Msichana hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alimwambia Abu Dirs, mwanajeshi mstaafu, ambaye hajawahi kusikia sauti yake.

Wijdan aliweka kisu cha nta mezani. Nilikuwa sijawahi kumwona akikiweka kabla ya kumaliza jino.

"Abu Qusai. Mwanamume mwenye umri wangu anamwambiaje msichana asiyemjua waonane?"

"Hamwambii. Akimwambia ni mhuni."

"Ndilo tatizo langu."

Alipangusa nta vidoleni. Kisha akashika simu na, kwa mara ya kwanza tangu aingie Ngome Saba, akatumia sauti yake. "Nyuki, mimi ndiye Abu Dirs. Niko Irbid. Mimi ni mwanamke. Usimtumie kitu, usimjibu, usifute chochote."

Jibu lilikuja kwa sauti pia, sauti nyembamba yenye hasira. "Wewe mama ni nani? Na Abu Dirs umemfanya nini?"

Nitasema hivi: karibu acheke. Mdomo ulisogea upande mmoja. "Nimemfundisha vizuri," aliniambia.

Sasa ikawa zamu ya msichana kutahini. "Kama wewe ndiye, mwezi wa Rajabu nilikuuliza kama niache chuo. Ulinijibu nini?"

"Nilikwambia malizia ukuta kwanza, halafu tutazungumza. Ukamaliza ukuta, ukalala, asubuhi ukaenda chuo. Hatukuzungumza."

Kisha: "Ami?"

"Naam."

"Wewe ni mwanamke?"

"Tangu zamani."

Kumbe alikuwa wa hapahapa Irbid, mwendo wa robo saa kwa miguu. Jina lake Lujain, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Alikuja karakana saa sita mchana wa Jumatano, amevaa koti la baba yake, macho yamevimba. Akakuta meno mia mbili yamepangwa kwenye trei na mwanamke mfupi mwenye vumbi la plasta ya kutengenezea meno kwenye nyusi. Nilimtilia chai ya maramia, yale majani ya kutuliza tumbo, nikaweka sukari vijiko vitatu bila kumuuliza.

"Karibu, binti yangu. Mimi ni Abu Qusai. Mimi kweli ni mwanamume."

Hakucheka. Wijdan naye alinitazama mpaka nikarudi kwenye tanuri.

Walifanya kazi saa mbili. Walipiga picha kila ujumbe wa mwizi, ukiwa na tarehe na saa yake. Waliichukua tena barua pepe kwa kutumia namba ya simu, wakafukuza kila kompyuta ngeni iliyokuwa imeingia, wakabadilisha maneno ya siri, kila mahali na lake. Wijdan aliuliza mwizi alipitia wapi mara ya pili, maana Lujain alisema alibadilisha neno lake Jumanne usiku, na mtu akarudi ndani.

"Ulipojisajili, kompyuta ilikuuliza nini?"

"Jina la shule ya msingi."

"Ukaijibu?"

"Nikaijibu."

"Na picha yako ya shule ya msingi umeiweka wapi?"

Lujain alifunika uso. Ilikuwa kwenye ukurasa wake, imepambwa kwa mioyo, na kibao cha shule kinasomeka vizuri.

"Sasa wewe umesoma shule gani?" Wijdan aliuliza.

"Sijui, ami."

"Shule ya Wapishi wa Meli. Andika."

Tatizo lililobaki halikuwa la kompyuta. Picha mwizi alikuwa amekwisha kuzichukua, na hakuna neno la siri linaloweza kumnyang'anya. Wijdan alimwambia ukweli huo waziwazi. Msichana akaanza kulia, kilio cha kujizuia, kinachotoka puani.

"Mwambie baba yako leo," Wijdan alisema.

"Ataniua."

"Atakuua kweli, au ni maneno?"

Lujain alifikiri. "Ni maneno. Lakini hatanitazama tena."

Hapo Wijdan akasimulia jambo ambalo mimi, mtu wa meza moja naye, sikuwahi kulisikia. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alikuwa na daftari aliloandikia mambo yake. Binti mmoja wa shangazi yake alilipata chini ya mto, akalisoma kwa sauti kwenye karamu ya wanawake, kurasa sita. Humo lilikuwamo jina la mwanamume. Aliyesoma alimwambia kabla: nipe mkufu wako, nisisome. Wijdan alimpa mkufu. Akasoma vilevile.

"Sikuandika tena," alisema. "Miaka ishirini na saba. Kosa langu halikuwa daftari. Nilidhani nikimpa mkufu atanyamaza. Mtu wa namna hiyo anachouza ni hofu yako kwamba mama na baba watajua. Wakijua, hana bidhaa."

Lujain akafuta macho kwa mkono wa koti. "Utakuja na mimi?"

"Nitakuja. Na Abu Qusai atakuja, kwa sababu ana mvi."

Baba yake, Haji Mufid, alikuwa fundi wa rejeta katika mtaa wa mafundi. Tulimkuta ndani ya kibanda chake, mikono myeusi mpaka viwikoni, ameweka kikombe cha kahawa juu ya injini. Alitutazama: binti yake analia, mwanamke asiyemjua, mzee mwenye mvi. Nadhani kwa sekunde chache aliamini kwamba nimekuja kuposa.

Lujain alisema yote kwa pumzi moja, bila nukta wala koma. Haji Mufid alisikiliza. Alipomaliza, alifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole, polepole sana, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu na mlango nilipima umbali wa mlango.

"Picha zenyewe ni zipi?" aliuliza.

"Za hina ya dada. Lile gauni la kijani."

"Gauni nililolinunua mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Na hiyo hadithi anayosema ataiandika, ni ya kweli?"

"Hapana, baba, wallahi."

Haji Mufid akaketi juu ya tairi. "Siku ngapi umekaa na jambo hili?"

"Mbili."

"Siku mbili unakula mezani kwangu na jambo hili peke yako." Akakohoa, akasingizia moshi. Hapakuwa na moshi. Kisha akamgeukia Wijdan. "Na wewe dada yangu, ni nani?"

"Mimi ni Abu Dirs."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Abu Dirs huyu wa kila siku? Abu Dirs kasema hivi, Abu Dirs kasema vile, Abu Dirs kasema tusiweke neno moja la siri kila mahali?"

"Hilo la mwisho hakulizingatia."

"Mama, mwaka mzima nimepanga kumtafuta huyo mwanamume nimvunje meno."

"Ningeyatengeneza mwenyewe," Wijdan alijibu.

Haji akacheka peke yake, cheko fupi lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Akafunga kibanda. Tukaenda wote wanne, siku hiyohiyo, kwenye kitengo cha polisi cha uhalifu wa mtandaoni. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mtaratibu. Alipokea zile picha za jumbe, akasema angetamani kila mtu aje na faili iliyopangwa namna hiyo. Alimuuliza Wijdan uhusiano wake na mlalamikaji.

"Kamanda wake."

Ofisa aliandika: rafiki wa familia.

Ijumaa ikafika. Mwizi, kwa kuwa hakujibiwa, alifanya alichoahidi, ingawa nusu tu. Kwenye kundi la chuo hakufanikiwa. Lujain mwenyewe alikwisha kumweleza msimamizi wa kundi, na mlango ulikuwa umefungwa. Kwa baba yake alituma picha mbili na hadithi ndefu. Haji Mufid alinisimulia kwamba walikuwa wamezunguka sinia la mansaf, wali kwa nyama ya kondoo, familia nzima, ujumbe ukalia. Aliufungua. Akaona picha. Hadithi hakuisoma. Akampitishia mkewe simu juu ya wali na kusema, "Tazama rangi ile ya kijani ilivyompendeza," kisha akaendelea kula. Mkewe akasema pindo lilikuwa refu. Lujain aliondoka mezani akaenda kulia jikoni, na mama yake akamfuata, na huko jikoni sijui kilichosemwa.

Wijdan naye alikuwa na lake la kumaliza. Alisema haiwezekani msichana wa miaka ishirini amkabili baba yake, na yeye ajifiche nyuma ya gego. Jumamosi saa kumi na moja aliwasha kipaza sauti mbele ya kikosi kizima. Mimi nilikuwa nimealikwa kusikiliza, kwa hiyo naweza kushuhudia.

"Jioni njema. Abu Dirs anazungumza. Mimi ni mwanamke, fundi meno, na sijawahi kuwa jeshini. Mwenye neno aseme."

Kwenye kioo askari thelathini na wawili walisimama kama nguzo, na theluji ya mle ndani ikawaangukia.

Wa kwanza kusema alikuwa mtu wa Muskat. "Sasa ami... tukuite nani?"

"Abu Dirs."

"Lakini wewe si..."

"Ngome ya mashariki haina mlinzi hata mmoja. Mnanisubiri mimi?"

Wakakimbia. Watatu walijiondoa wiki hiyo, mmoja kwa kuandika kwamba hawezi kuamriwa na mwanamke. Wijdan alimjibu kwamba ameamriwa miaka sita na hakudhurika. Tai wa Zarqa hakujiondoa, ila mwezi mzima hakuandika neno, kwa sababu alikumbuka zile kurasa tatu. Baadaye alirudi kwa salamu ya aibu na picha ya mtoto wao aliyezaliwa.

Simu ya polisi ilikuja baada ya wiki saba. Walimkamata mtu wa miaka thelathini na mmoja, katika mji mwingine, anayeuza vifuniko vya simu. Alikuwa na picha za wasichana kumi na mmoja. Waliokwenda kushtaki walikuwa watatu tu. Wengine wanane walikuwa wakimtii, mmoja wao kwa miaka miwili. Wijdan aliponiambia habari hiyo alikuwa amesimama kwenye sinki, ananawa plasta mikononi, na aliendelea kunawa muda mrefu baada ya mikono kuwa safi.

Kesi ilisikilizwa majira ya kiangazi. Lujain alitoa ushahidi, baba yake upande wa kulia na mama yake upande wa kushoto. Mshtakiwa alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliomba msamaha, akasema ni shetani. Alihukumiwa kifungo. Tulipotoka nilimuuliza Wijdan anajisikiaje.

"Nilitegemea mtu mwenye akili zaidi," alisema.

Mwalimu mmoja wa uuguzi alimwomba aje kuzungumza na wasichana wa chuo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu Lujain aliomba mwenyewe, Wijdan akaenda. Ukumbi ulijaa. Alisimama mbele yao na karatasi moja, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dawa. Mtu akikwambia una dakika kumi tu, zima simu saa nzima. Mtu akikutisha, mwambie mtu mzima mmoja kabla ya jua kuzama. Alipouliza nani ana swali, mikono ishirini ilinyooka. Kumi na tisa ilitaka kujua jinsi ya kuvuka daraja la pili katika Ngome Saba. Aliwajibu wote. Mkono wa ishirini ulisubiri mpaka ukumbi ulipokuwa mtupu, na Wijdan alikaa na msichana huyo kwenye ngazi mpaka alasiri, na Jumapili, ambayo kwetu ni siku ya kazi, akaomba ruhusa ya kutokuja kazini ili ampeleke kunakohusika.

Lujain alitaka kurudi kikosini. Akaunti yake ya zamani ilikuwa imeharibiwa, kwa hiyo aliomba upya kwa jina jipya. Kanuni ya kikosi ni kwamba mgeni hubeba kuni wiki tatu kabla hajapewa upinde.

"Ami, hata mimi?" alilalamika, amekaa pale karakana juu ya stuli yangu. "Baada ya yote haya?"

"Wiki tatu."

"Mimi ndiye niliyelinda mnara wa kaskazini miaka miwili!"

"Huyo alikuwa Nyuki. Wewe sikujui."

Alibeba kuni. Haji Mufid aliniambia kwamba siku hizo, kila akirudi kutoka kazini, alikuwa akipita nyuma ya kiti cha binti yake, bado ana mafuta mikononi, na kuuliza kuni zimefika mizigo mingapi.